Misuli Inauma, Kumbe Ni Tezi ya Shingo

Shangazi yangu ameuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, kwa zaidi ya miaka 20. Ni kazi ya kuchuchumaa na kuinuka: unafungua robota, unachambua, unakunja, unasimama kumhudumia mteja, unarudi chini tena. Mwaka juzi akaanza kukwama chini. Mteja anaita, naye hawezi kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike nguzo ya kibanda na kujivuta. Mapaja yalimuuma kama ya mtu aliyepanda Longonot jana yake, ilhali hakuwa ametoka sokoni. Hata kupanda matatu, ile ngazi ya kwanza tu, ikabidi kondakta amshike mkono.

Safari yake ya kutafuta tiba ilikuwa ndefu kuliko ilivyopaswa. Kemisti walimpa dawa za maumivu. Jirani akasema ni baridi yabisi, akamletea mafuta ya kuchua. Kliniki moja ikapima damu, ikakuta kolesteroli imepanda, ikamwandikia tembe za kuishusha. Wiki chache baadaye maumivu yakazidi maradufu. Hatimaye daktari mmoja kijana akamwambia apige magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje. Akagonga kwa kinyundo cha mpira ile kano iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, akatazama. Wayo uliruka, kisha ukarudi mahali pake taratibu, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akagonga tena ili ahakikishe. Halafu akaagiza kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Tezi yake ya shingo ilikuwa karibu imelala kabisa.

Habari ilipofika kwenye kikundi cha familia, majibu yalinifundisha jinsi jambo hili lilivyofumbika. Mjomba aliuliza inakuwaje mwanamke awe na tezi, maana tezi ni ugonjwa wa wazee wa kiume. Binamu akasema haiwezekani, mbona shingo haijavimba? Mwingine akatuma tangazo la mwani wa baharini unaouzwa mtandaoni, eti unatibu tezi kwa siku 30. Wala hakuna aliyeelewa shingo na mapaja vinahusiana vipi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na neno lenyewe. Tezi si ugonjwa. Ni kiungo kinachotengeneza kimiminika au kemikali ambayo mwili unaihitaji. Tuna tezi za jasho, za mate na za machozi. Tezi dume, ile aliyoifikiria mjomba, iko chini ya kibofu cha mkojo, na wanaume peke yao ndio walio nayo. Tezi ya thairoidi ni nyingine kabisa: iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo aliyetandaza mabawa, na uzito wake kwa mtu mzima ni karibu gramu 20. Kila mtu anayo, mwanamume kwa mwanamke, ila ikiharibika huwapata wanawake mara nyingi zaidi.

Tezi hii hutengeneza homoni, yaani kemikali inayosafiri kwenye damu na kupeleka maagizo. Mbili ndizo zinazotuhusu, T4 na T3. Chukua T4 kuwa unga na T3 kuwa ugali. Tezi hutoa unga kwa wingi na ugali kidogo. Kisha ini, figo, misuli na viungo vingine huusonga unga ule kuwa ugali pale unapohitajika. Agizo la ugali ni moja tu: fanya kazi kwa kasi hii. Moyo upige hivi, chakula kiunguzwe hivi, utumbo usukume hivi, joto la mwili liwe hivi.

Nani anaiambia tezi itoe kiasi gani? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya maharage, pituitari, na sauti yake ndiyo hiyo TSH. Mfikirie kondakta wa matatu anayegonga bodi. Dereva akienda vizuri, kondakta hugonga kidogo tu. Dereva akisinzia, hugonga kwa nguvu, na akiendelea kusinzia, hugonga mpaka abiria wageuke. Ndiyo maana TSH ikiwa juu sana maana yake ni kwamba tezi imelala, si kwamba imezidi kuchapa kazi. Wengi husoma karatasi ya maabara kinyume chake.

Kuna hali moja inayomdanganya hata mtu wa afya: kondakta mwenyewe akiwa ameumia. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kuharibikiwa na pituitari. Hapo TSH haipandi ingawa mwili umekauka homoni, kwa hiyo lazima T4 nayo ipimwe. Nalitaja kwa sababu katika mji wetu wapo akina mama wengi ambao huu uchovu wao ulianza siku ile walipojifungua na kuongezwa damu, na hakuna aliyewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Upungufu wa homoni hizi ndio unaoitwa haipothairoidi. Mtu huhisi baridi wenzake wakiwa wamevua sweta, hufunga choo, huongezeka uzito bila kula zaidi, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso huvimba asubuhi, hedhi huwa nzito, na akili hujikokota. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kitu cha kawaida kabisa katika maisha ya Nairobi, ndiyo maana ugonjwa huu hujificha.

Na goita, au rovu kwa Kiswahili cha zamani? Goita ni uvimbe wa tezi, basi. Tezi iliyovimba inaweza kutoa homoni pungufu, za kutosha au nyingi kupita kiasi, na tezi iliyokufa yaweza kuwa ndogo na imesinyaa, shingo ikabaki laini kama ya msichana. Binamu yangu hakuwa peke yake katika kosa hilo. Zamani goita za kukosa madini ya ayodini zilionekana sana sehemu za milimani. Sheria ya Kenya sasa inataka chumvi ya kupikia iongezwe ayodini. Pale ambapo ayodini inatosha, chanzo kikubwa huwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa unaoitwa Hashimoto kwa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Wengine tezi yao iliondolewa kwa upasuaji au ilitibiwa kwa ayodini yenye mionzi. Baadhi ya dawa nazo huifinya: amiodaroni ya moyo, lithiamu ya magonjwa ya akili, na ethionamaidi inayotumika kwa kifua kikuu sugu.

Sasa tufike kwenye mapaja ya shangazi.

Msuli ni mlaji mkubwa wa nishati, na kasi yake ya kula hupangwa kwa kiasi kikubwa na T3. Homoni ikipungua, mambo kadhaa huharibika kwa pamoja. Kwanza, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli huzembea, na msuli hushindwa kuitumia vizuri akiba yake ya wanga. Ni kama jiko la makaa lililofungwa kidirisha cha chini: makaa yapo, moto hauchangamki. Misuli inayoumia mapema ni ile mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, ya mabega na nyonga. Ndiyo maana malalamiko hufanana: kuinuka kwenye kiti cha chini, kupanda ngazi, kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kumsuka mtoto nywele ukiwa umeinua mikono. Kushika kalamu au kukaza kifuniko cha chupa kunaweza kubaki salama.

Pili, msuli husahau kulegea. Hapa ndipo penye siri ya kile kinyundo. Ili msuli ukaze, kalsiamu humwagwa kati ya nyuzi zake; ili ulegee, pampu ndogondogo lazima ziichote kalsiamu hiyo na kuirudisha ghalani. Pampu hizo hutengenezwa kwa amri ya homoni ya tezi. Zikiwa chache, kalsiamu hukawia na msuli hubaki umeshikana kitambo. Mgonjwa hulieleza hilo kwa maneno yake: mwili umekakamaa, nimekuwa mbao, mishipa inanikaza usiku. Baridi ya Julai huzidisha. Daktari hulieleza kwa kutazama wayo unaochelewa kurudi. Wakati mwingine ukigonga msuli wa mkono kwa kidole, huinuka kinundu kinachokaa sekunde kadhaa kabla ya kuzama.

Tatu, na hili ndilo linalowashangaza watu, msuli unaweza kunenepa huku ukidhoofika. Vitu vya asili ya sukari vinavyovuta maji hujikusanya katikati ya nyuzi, na paja au shavu la mguu hujaa. Ni kama andazi lililoumuka: ukilitazama ni kubwa, ukilibonyeza ndani ni hewa. Johann Hoffmann, daktari Mjerumani, alikieleza kisa cha namna hii mwaka 1897 kwa mtu mzima aliyekakamaa misuli baada ya tezi yake kuondolewa, na mpaka leo hali ya misuli mikubwa, migumu na dhaifu kwa mtu mzima huitwa kwa jina lake. Si ya kawaida, lakini ipo. Kwa watoto jina lake hubeba watu watatu, Kocher, Debré na Semelaigne: mtoto mfupi, mzito wa kujifunza, mwenye mwili wa mpiga mieleka, ambaye watu humsifia kwamba ana nguvu, kumbe hata mpira unamchosha. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa upesi, kwa sababu ubongo wake unakua sambamba na misuli hiyo.

Kocher huyo ana historia inayostahili kukumbukwa. Alikuwa mpasuaji mjini Bern, Uswisi, hodari wa kuondoa goita. Mwaka 1883 aliripoti kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walikuwa wamegeuka wazito, wamevimba, wamepooza kwa uchovu. Hakuficha. Aliacha kuondoa tezi nzima bila sababu nzito, na uchunguzi ule ukawasaidia wenzake kuelewa tezi hii ni ya nini. Mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kati ya watu 100 wenye haipothairoidi, tafiti mbalimbali huwakuta kati ya 30 na 80 wakiwa na malalamiko fulani ya misuli. Kwa wengi ni maumivu na mikazo tu. Ganzi ya vidole usiku nayo huingia humo, kwa sababu tishu zilizovimba kwenye kifundo cha mkono huubana mshipa wa fahamu. Udhaifu mkubwa kama wa shangazi huwapata zaidi wale waliokaa muda mrefu bila matibabu.

Nataka nikae kidogo kwenye kile kilichompata pale kliniki, maana ni mtego unaoweza kumnasa yeyote. Homoni ya tezi ikipungua, ini hushindwa kuiondoa kolesteroli kwenye damu, nayo hupanda. Mtu akipimwa kolesteroli peke yake, huonekana mgonjwa wa kolesteroli. Hupewa statini, dawa nzuri inayookoa maisha ya wengi, lakini yenye madhara ya kuumiza misuli kwa baadhi ya watu, na mtu mwenye tezi iliyolala yuko katika hatari kubwa zaidi ya madhara hayo. Basi msuli uliokwisha kudhoofika huongezwa mzigo. Ukitibiwa tezi, mara nyingi kolesteroli hushuka yenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa kolesteroli iko juu, na hasa kama unahisi baridi, umefunga choo na mapaja yanauma, uliza kwa heshima: Daktari, tunaweza kupima TSH kwanza? Ila ukiwa tayari unameza statini kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiziache kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia.

Mtego wa pili ni figo. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, kinaweza kupanda kwa sababu haipothairoidi hupunguza kasi ya figo kuchuja damu. Mtu huambiwa figo zinaanza kufa, familia ikaanza kuulizia gharama za kusafishwa damu, ilhali tatizo hurudi nyuma homoni ikirejeshwa. Na wakati huohuo dawa za maumivu za kemisti, aina ya diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa mwezi baada ya mwezi huziumiza figo kwelikweli.

Wa tatu ni kipimo kiitwacho CK. Hiki hupima kimeng'enya kinachokaa ndani ya msuli na kuvuja kwenye damu msuli ukiharibika. Kwa mgonjwa wa tezi CK inaweza kupanda mara kumi ya kawaida, naye akadhaniwa ana ugonjwa wa kinga kuunguza misuli, akaanzishiwa steroidi, dawa za kuituliza kinga hiyo. Tena ukubwa wa namba hiyo haulingani na udhaifu: mmoja ana CK ya kutisha na anatembea vizuri, mwingine ana ya wastani na hawezi kuinuka.

Hatari ya kweli, ingawa ni nadra, ni msuli kubomoka kwa wingi kwa ghafla, hali iitwayo rabdomayolisisi. Mabaki ya msuli huingia kwenye damu na kuziba figo. Kinachoichochea kwa mgonjwa wa tezi ni kitu kama mazoezi makali ya ghafla, statini, ulevi wa kupindukia, au kukosa maji mwilini. Dalili ya kukimbilia hospitali usiku huohuo ni mkojo wa rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, au soda ya kola, pamoja na maumivu makali ya misuli. Vivyo hivyo mgonjwa anayepumua kwa shida, mwili umepoa, anasinziasinzia na haamki vizuri: misuli ya pumzi nayo ni misuli, na tezi iliyoachwa kabisa huweza kuizimisha. Huyo hapewi chai ya tangawizi, hupelekwa hospitali.

Turudi kwa yule wa mwani. Mwani una ayodini nyingi mno, na kiasi chake hakitabiriki. Kama tezi yako inashambuliwa na kinga ya mwili, kuimwagia ayodini kunaweza kuidhoofisha zaidi. Chumvi ya waridi inayosifiwa siku hizi kwenye maduka makubwa nayo kwa kawaida haina ayodini ya kutosha, kwa hiyo kuiacha chumvi ya kawaida kwa ajili yake si faida kwa tezi. Na sukuma wiki? Nimesikia wamama wakiikimbia, eti inaua tezi. Ni kweli jamii ya kabeji ina kemikali zinazoweza kuingilia kazi ya tezi, lakini hizo hupungua zikipikwa, na sahani ya sukuma ya jioni haijawahi kuwa tatizo kwa mtu anayepata ayodini. Kuleni sukuma wiki.

Tembe za kukuza nywele na kucha zenye bayotini ni jambo jingine. Hazidhuru tezi, ila zinaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara hadi majibu yaonekane kinyume. Mwambie mhudumu unazitumia, na uziache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

Matibabu yenyewe ni mepesi kuliko njia ya kuyafikia. Mwaka 1891, George Murray huko Uingereza alimdunga mama mmoja dondoo ya tezi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Leo tunameza levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, unga uleule ambao tezi ingetoa. Watu huogopa: ukiianza hutoki. Wengi ni kweli hawatoki, kama vile mtu aliyepungukiwa na macho asivyotoka kwenye miwani. Si uraibu. Unarudishiwa kilichokosekana.

Tatizo kubwa Nairobi, kwa maoni yangu, ni chai ya asubuhi. Dawa hii humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha unangoja dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya maziwa, kahawa au mandazi. Shangazi hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na mwanzoni alimeza tembe na chai kwa mpigo mmoja. TSH ikakataa kushuka. Sasa tembe na glasi ya maji viko kando ya kitanda, humeza akiamka kisha huoga, huvaa, hupanda matatu, na chai huinywa Gikomba. Tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito, kalsiamu na dawa za kiungulia zikae mbali nayo kwa saa 4. Mjamzito mwenyewe aende kliniki mapema sana, kwani kipimo chake cha dawa mara nyingi huhitaji kuongezwa.

Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo inayopandishwa polepole, kwa sababu moyo uliozoea kutembea haupaswi kuamriwa kukimbia ghafla. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo namba bado hazijatulia. Usiongeze tembe mwenyewe kwa haraka ya kupona, maana homoni ikizidi nayo huila misuli na kuuchafua mpigo wa moyo.

Misuli huwa ya mwisho kushukuru. Joto la mwili na choo hurudi ndani ya wiki chache, CK hushuka, lakini nguvu za mapaja huchukua miezi, na kwa wengine karibu mwaka. Wengi hukata tamaa hapo katikati na kurudi kwa mafuta ya kuchua. Mazoezi ya wakati huo yawe ya upole: kutembea, kuinuka na kukaa mara chache kila siku, si kubeba vyuma.

Mwezi wa tano wa dawa, shangazi aliinuka kwenye kigoda akiwa na suruali mbili mkononi, akampa mteja, ndipo akagundua kwamba hakuwa ameshika nguzo. Usiku wa baridi miguu bado humkaza mara mojamoja. Kipimo chake kijacho ni Agosti.